Dresa Aliyeuliza Habari za Magoti

Sogea kidogo, wewe unayesoma. Jambo hili ningependa kukueleza kwa mdomo, tukiwa tumekaa, ili pale usipoelewa uniulize. Kwa kuwa haiwezekani, nitalieleza polepole, nawe ukichoka weka kitabu chini, upumzike, urudi.

Ni habari za mtu niliyefanya naye kazi Mpanda miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Jina lake silitaji, na hata wakati ule walilijua wachache. Watoto, wazee, karani wa baraza, wote walimwita Dresa. Dresa ni mtu wa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kugawa dawa mahali ambapo daktari hayupo. Wetu alikuwa na kazi moja ya ziada, kung'oa meno. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa zahanati hiyo hiyo: nilifua bendeji, nilipima watoto uzito, nilikaa na kina mama walioshikwa na uchungu. Nilikuwa na mume na mtoto mmoja wa kike, Kashinde, kwa hiyo Dresa aliniita Mama Kashinde, huku akimwita mume wangu shemeji.

Ukimtafuta mtu wa Mpanda wa umri wangu ukamwuliza anamkumbuka vipi Dresa, atacheka kwanza. Atakwambia: yule uliyekuwa ukienda kwake na jino, yeye anakuuliza magoti. Ni kweli. Siku moja alikuja Msukuma mmoja mnunuzi wa ng'ombe, shavu limevimba kama kaficha yai mdomoni. Dresa akamkalisha, akamtazama mdomoni, kisha akamwambia akunje suruali.

"Utotoni magoti yako yaliwahi kuvimba?"

"Dresa, ni jino."

"Jino nimeliona. Magoti sijayaona."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mwonyeshe bwana, labda jino lako liliteremka." Foleni nzima ikacheka, na yule Msukuma naye akacheka huku ameshika shavu. Dresa hakucheka. Alipapasa lile goti la kulia, akapapasa la kushoto, akauliza kama aliwahi kulala wiki nyingi na homa akiwa mtoto, kama hushindwa kupumua anapopanda kilima. Ndipo akachukua koleo.

Hakuwa akiuliza hivyo tangu mwanzo. Alianza baada ya mtu mmoja kufa, na mtu huyo alitoka nyumbani kwangu. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nakuchekesha.

Koleo zake alikuwa nazo tatu, na alizichemsha nje, kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, mbele ya macho ya watu wote. Ndani kulikuwa na nafasi, lakini alitaka watu waone maji yakitokota. Alisema mtu akiona chuma kimechemshwa anaogopa mara moja tu, asipoona anaogopa mara mbili. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi kila siku, hata siku za mvua ambapo mkaa haushiki. Dawa ya ganzi ilikuwa haba, mara nyingi aling'oa hivi hivi, na mtu akianza kulia humwambii anyamaze. Dresa alimwambia, "Lia tu, baba, ila usifunge mdomo."

Jino likishatoka, aliliosha kwa maji ya moto, akalifunga kwenye jani la mgomba, akampa mwenyewe kwa mikono miwili kama anayempa mgeni maji. Watu wetu hawaachi jino lao mikononi mwa mtu. Huenda nalo nyumbani, wakalizika wanapojua wao. Wauguzi wa kwingine waliwacheka watu kwa hilo. Yeye hakucheka, aliuliza tu, "Umelishika vizuri? Lisikudondoke njiani." Ndiyo maana watu walimpenda, na kwa sababu hiyo hiyo, nitakueleza, ndiyo maana alikosea.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alifundisha kila mama namna ya kutafuna ncha ya mswaki mpaka iwe laini, na namna ya kusugua ufizi bila kuuchana, huku yeye mwenyewe ameficha ugoro chini ya mdomo wa chini. Ukimwambia, anageuka na kutema nyuma ya ukuta, anarudi kana kwamba hukusema kitu. Aliweza kushika kichwa cha mtu mzima anayerusha mateke, lakini daktari wa kizungu alipokuja kutoka Tabora, mara moja kwa miezi kadhaa, Dresa alisimama wima kama askari na sauti yake ikakauka. Swali lililomkaa moyoni hakuliuliza mbele ya daktari. Aliniuliza mimi baada ya daktari kuondoka, kana kwamba mimi ningejua.

Msemo wake mmoja naukumbuka kuliko yote. "Nyie mnaogopa koleo," aliwaambia wagonjwa. "Mimi naogopa mnachonificha."

Sasa nivumilie nikueleze jambo la mwili, maana bila hilo hutaelewa yaliyobaki. Si gumu.

Daktari yule wa Tabora alimfundisha Dresa hivi, na Dresa akanifundisha mimi, akichora kwa kijiti chini kwenye vumbi. Mdomoni mna vijidudu vingi, hata mdomo wa mtu msafi. Jino likitoka, ufizi unabaki wazi, na vijidudu vinaingia kwenye damu. Kwa watu wengi haidhuru. Mwili unaviua upesi, mtu hajui hata kama viliingia. Lakini wapo watu ambao moyo wao una kovu. Mtoto huumwa koo, koo halitibiwi, baada ya wiki chache magoti na vifundo vinavimba, homa inamlaza. Anapona, anacheza, wazazi wanasahau. Kumbe homa ile imeacha makovu kwenye milango ya moyo, ile inayofunguka na kufungika damu ipite. Ukiweka sikio, unasikia mlio ambao haupaswi kuwepo.

Dresa alichora mfereji. Alikuwa amewahi kuona mashamba ya mpunga ya Usevya, akasema, "Maji ya mfereji yakipita pasafi, makapi yanakwenda nayo. Ukiacha kisiki katikati, makapi yote yanakamatwa pale, yanarundikana, yanaoza." Kisiki ni lile kovu. Vijidudu vikifika hapo vinashika, vinajenga, na mgonjwa anaanza homa ndogo isiyoisha. Anakonda, jasho linamtoka, na moyo unaliwa taratibu.

Kinga aliyoleta daktari ilikuwa sindano ya penisilini kwa wale wenye mlio. Achomwe, angoje kidogo, ang'olewe asubuhi hiyo hiyo, dawa ikiwa bado inatembea kwenye damu. Ndivyo alivyosema daktari, na Dresa aliitikia kila neno.

Tatizo lilikuwa letu. Kwetu kulikuwa na mazoea ya zamani ya kuumika, kule kutoa damu kwa pembe, na mazoea yale yalikuwa na mwiko wake: damu ya mtu haitolewi mahali pawili kwa siku moja. Aliyeumikwa mgongoni leo, kichwa chake hakiguswi mpaka alale kwanza. Zahanati ilipokuja, watu waliuhamisha mwiko ule kama ulivyo. Sindano inatoboa, inatoa tone la damu. Jino linatoa damu. Basi sindano na jino siku moja ni kifo. Hata dawa ya ganzi ilipopatikana, wengi waliikataa kwa sababu hiyo. Ukimwambia mtu mwenye mlio wa moyo kwamba atachomwa kisha atang'olewa, anakwambia anakwenda haja ndogo, na humwoni tena.

Dresa alijaribu kuwaeleza kwa miezi. Alichora mifereji mpaka uwanja wa zahanati ukajaa mistari. Halafu akafanya kile alichofanya siku zote, akawafuata watu pale walipo. Akapanga kwamba mwenye mlio achomwe Jumatano, ang'olewe Alhamisi asubuhi. Usiku mmoja katikati, mwiko umetimizwa, na yeye akahesabu kwamba dawa ya jana haijaisha yote mwilini. Kila mmoja alipewa kikaratasi chenye tarehe ya sindano, akionyeshe siku ya jino. Daktari hakuambiwa. Nilimwuliza Dresa kwa nini hamwambii, akanijibu kwamba daktari akisikia atakataza, na akikataza hawatakuja kabisa. "Bora nusu ya dawa kuliko mtu kukimbia," alisema.

Wakati ule niliona ni akili kubwa. Sitakudanganya sasa kwamba nilikuwa na shaka.

Mume wangu alikuwa mtu wa Usevya, Mpimbwe, mpasua mbao. Alipasua mninga kwa msumeno wa watu wawili, yeye juu ya gogo na mwenzake shimoni. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Mwaka ule mwenzake alianza kumtania kwamba amezeeka, maana walipofika nusu ya gogo alikuwa akisimama, anashika kifua, anasingizia msumeno umekuwa butu. Daktari wa Tabora alipopita nikampeleka. Akamsikiliza kifuani kwa muda mrefu, kisha akasema moyo una mlio. Tulipomwuliza mama mkwe, akasema ndiyo, akiwa mtoto magoti yake yalivimba, alikaa ndani msimu mzima wa mvua, wakamfanyia dawa za majani, akapona.

Kisha gego lake likaoza. Siku za mwanzo aliweka karafuu. Baadaye hakuweza kulala, alitembea uani ameshika shavu. Akachomwa sindano Jumatano moja, akapewa kikaratasi, akakiweka kwenye kofia.

Alhamisi asubuhi bibi mmoja jirani yetu akafariki. Mume wangu ndiye aliyekuwa na mbao na randa, akaitwa kutengeneza jeneza. Hakuna mtu angekubali aache jeneza aende kung'olewa jino, na yeye mwenyewe asingekubali. Alifanya kazi ile shavu limefungwa kanga yangu. Siku ya meno kwa wenye mlio ikapita.

Jumatano iliyofuata nilimwambia akachomwe tena. Alikataa kwa utani kwanza, akasema yeye si ng'ombe wa chanjo. Nikarudia. Akasema ameshachomwa, dawa ni ile ile, mwili ni ule ule, nami nimwache. Nikamwacha.

Alhamisi alikuja zahanati shavu limefunga jicho. Nilikuwa pale, nimeshika beseni. Alitoa kikaratasi kwenye kofia, akampa Dresa. Tarehe ilikuwa ya Jumatano ya wiki iliyopita. Mimi nilikuwa naiona vizuri kutoka nilipokuwa nimesimama. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi, kubwa, kama Dresa alivyoandika kila kitu.

"Umechomwa, shemeji?"

"Nimechomwa."

"Haya. Fungua mdomo."

Nilijua kwamba nikisema, Dresa atataka kumchoma asubuhi ile. Nilijua akichomwa, kwa mwiko ule jino halitatoka siku ile, na mume wangu hatakuja tena, ataendelea kutembea uani. Haya yote niliyawaza kwa muda mfupi kama wa kumeza mate. Sikusema. Gego likatoka lote na mizizi yake, likaoshwa, likafungwa kwenye jani. Mume wangu alilala mchana ule mpaka jioni, nami nikashukuru.

Mpunga ulikuwa tayari Usevya. Baada ya siku nne hivi akapanda lori kwenda kumsaidia mama yake kuvuna, nami nikabaki na Kashinde na kazi. Wiki ya tatu dereva wa lori akaniletea salamu kwamba Baba Kashinde ana homa, inapanda jioni na kushuka asubuhi. Mimi, mfanyakazi wa zahanati, niliyechorewa mifereji kwenye vumbi, nilifunga kwinini kwenye karatasi nikampa dereva. Kila homa kwetu ilikuwa malaria. Jino halikunijia akilini hata kidogo. Lilikuwa limekwisha, limezikwa, na shavu lilikuwa limerudi.

Salamu ya pili ikasema amepata nafuu. Ya tatu ikasema mama mkwe ameita watu wa kutambikia mizimu ya babu. Salamu ya nne ilikuwa yeye mwenyewe, amelala juu ya magunia ya mpunga. Alipoteremshwa nilidhani wamekosea mtu.

Dresa alikuja nyumbani kwa miguu, hakungoja tumpeleke. Hakumwuliza habari za homa. Alichukua mkono wake akautazama, ukucha baada ya ukucha, na chini ya kucha mlikuwa na vistari vyembamba vyekundu, kama mtu aliyechomwa na vibanzi vya mbao. Nilisema ni vibanzi. Dresa akaweka mpira wa kusikilizia kifuani, akasikiliza, akauondoa, akauweka tena pale pale.

"Mama Kashinde," alisema, "hii si malaria."

"Ni nini?"

"Ni lile jino."

Mume wangu alicheka kidogo. Alisema, "Jino lenyewe si nililizika, Dresa?"

Dresa alimchoma penisilini siku ile na siku iliyofuata, asubuhi na jioni, na mwiko wa damu ukawa hauna mtu wa kuukumbuka. Tukampeleka Tabora kwa treni. Daktari alisema dawa nyingi zinahitajika, kwa wiki nyingi, na kwamba tungemleta mapema angekuwa na tumaini kubwa zaidi. Alisema kwa upole. Siku ya kumi na moja upande wake wa kulia ukafa ghafla, mkono, mguu na nusu ya uso. Daktari akanieleza kwamba kipande cha ule uchafu kilimeguka moyoni, kikapanda na damu mpaka kichwani. Hakuweza tena kusema. Alikuwa akinitazama kwa jicho moja kama mtu anayetaka kuniuliza kitu cha kawaida, labda kama Kashinde amekula. Baada ya siku tatu alifariki. Tulimzika kule kule Tabora, na jeneza lake lilitengenezwa na mtu nisiyemjua, kwa mbao hafifu.

Nilirudi Mpanda peke yangu. Dresa alikuwa stesheni, kaptula imepigwa pasi. Alichukua mzigo wangu, akatembea nyuma yangu mpaka nyumbani, akauweka mlangoni, akaondoka.

Tangu wiki ile ndipo alipoanza kuuliza magoti. Alimwuliza kila mtu, aliyekuja na jino na aliyekuja na kikohozi. Mpango wa Jumatano na Alhamisi akaufuta. Mwenye mlio alichomwa na kung'olewa asubuhi moja, au hang'olewi. Ungetegemea nikwambie kwamba mambo yakawa mema. Hayakuwa. Watu wakaanza kumkwepa. Walijifunza kusema hapana kabla hajamaliza swali, magoti hapana, homa hapana, kupumua vizuri. Wengine wakaenda kwa mafundi wa mitaani waliong'oa kwa koleo la waya. Mama mmoja wa Makanyagio, mwenye mlio mkubwa, aliikataa sindano na akakaa na meno yake mabovu mwaka mzima. Naye akashikwa na homa ile ile, akafa, wala koleo halikuwahi kumgusa.

Jambo hilo lilimvunja Dresa kuliko unavyodhani. Daktari alipopita, kwa mara ya kwanza Dresa alimwuliza swali yeye mwenyewe, nami nilikuwapo. Daktari akamjibu kwamba mdomo uliooza hupenyeza vijidudu kwenye damu kila siku, mtu anapotafuna tu, anapochokonoa meno. Kung'oa kuna hatari, na kuacha kuna hatari. Dresa alisimama wima kama kawaida yake. "Basi bwana daktari, mimi nifanye nini?" Daktari akasema afundishe watu kusafisha meno wakiwa bado wadogo, na makoo ya watoto yatibiwe. Lilikuwa jibu sahihi, na hata leo ndilo jibu. Lakini halikuwa jibu kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi asubuhi ile.

Alifundisha. Aliwapanga watoto wa shule na miswaki yao, akawasimamia kama gwaride, na wapita njia wakasema Dresa sasa amefungua kikosi. Mimi niliendelea kufanya kazi naye miaka mitatu zaidi. Tulisema habari za bendeji, habari za maji, habari za mvua. Habari za kile kikaratasi hatukusema.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akaacha kazi. Akaenda kukaa Kapalamsenga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa binti yake aliyeolewa na mvuvi Mwislamu. Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilisikia kwamba anaumwa, nikapata nafasi kwenye lori lililokwenda kuchukua dagaa.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mahali dagaa walipoanikwa, anafukuza kuku kwa fimbo bila kuwaona vizuri. Binti yake akamwambia nani amekuja. Akasogeza kigoda anipishe, nikakataa, nikakaa kwenye mkeka. Tuliulizana hali. Aliuliza Kashinde yuko darasa la ngapi. Alikuwa amekonda, na kaptula yake siku hiyo haikupigwa pasi.

Baadaye binti alipoingia ndani kuchochea moto, Dresa alisema, bila kugeuza uso:

"Ile karatasi, Mama Kashinde. Tarehe niliiona."

Nilikuwa nimekaa na neno hilo miaka yote, na sikujua kwamba naye amekaa nalo.

"Na mimi niliiona," nikasema.

Kuku wakaja kwenye dagaa, hakuwafukuza.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa na koleo."

"Ni kweli." Alipapasa kichwa cha fimbo yake. "Nilitaka alale. Nilimwona lile jicho, nikasema moyoni, acha mtu huyu alale siku moja."

"Alilala," nikamwambia. "Mpaka jioni."

Aliuliza kama sindano ya asubuhi ile ingemwokoa. Nikamwambia nilichoambiwa na daktari wa Tabora nilipomwuliza swali hilo hilo: labda. Hakuna anayeweza kuapa. Pengine vijidudu vilikuwa vimeshaingia kabla, wiki zile alizokuwa akitembea uani. Pengine sindano ingevizuia. Dresa alilirudia neno lile, labda, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu jino kwa ulimi.

Hakuniomba msamaha, nami sikuwa na msamaha wa kumpa, maana ningeutoa wapi? Nilikuwa nauhitaji mwenyewe. Tulikaa hivyo mpaka dereva akapiga honi. Nilimshika mkono, ukiwa mkavu na mwepesi, nikapanda juu ya magunia. Kabla mvua hazijaanza, dereva yule yule akaniambia kwamba wamemzika.

Nimekueleza haya yote si kwa ajili ya kukutisha. Wewe una nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo, na kazi utakayofanya ni ndogo. Kama uliwahi kuambiwa moyo wako una mlio au kovu, au umefanyiwa upasuaji wa moyo, mwambie anayetaka kukung'oa jino kabla hujafungua mdomo. Si kila mwenye moyo mbovu hupewa dawa siku hizi, daktari ndiye atakayeamua, lakini akikupa, itumie siku ile na saa ile aliyokwambia. Ukimwona anakosea, sema, hata kama yeye ndiye mwenye koleo. Na homa ikikushika baada ya jino kutoka, ikapita wiki moja, usikae nayo nyumbani kwa dawa za malaria ulizonunua dukani. Nenda hospitali wakupime damu, na kabla hujaeleza kingine chochote, waambie uling'olewa jino, na uwatajie tarehe.